Tangi la maji si tangi la petroli: Kanuni za kuhifadhi mafuta katika plastiki

MJI wa Salama, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa katika Kaunti ya Makueni, una jina ambalo kila msafiri hulitamani. Usiku na mchana malori hupita hapo yakitoka bandarini au kurejea huko, na mengi huegeshwa ili madereva na utingo wao wapate chakula na usingizi. Miongoni mwayo ni malori yanayobeba petroli, dizeli na mafuta taa. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kutumika mwaka wa 1978 na kuongezewa jingine jipya lililokamilika 2018, nalo linapita katika ukanda uo huo, na kimojawapo cha vituo vya kuyasukuma mafuta hayo kiko Sultan Hamud, mji jirani.

Mafuta, basi, si kitu kigeni kwa wakazi wa eneo hili. Wala tangi la plastiki si geni. Ukambani ni nchi ya mvua haba, na tangi la kuvunia maji ya paa limekuwa sehemu ya boma, shule, kanisa na duka. Hatari huzaliwa pale viwili hivi vinapokutana: mafuta yanapotiwa katika chombo kilichotengenezewa maji.

Sababu za watu kufanya hivyo zinaeleweka. Mwenye kinu cha kusaga mahindi hataki kinu kisimame. Mkulima anayepiga maji kutoka kwenye bwawa la mchanga anahitaji akiba ya mafuta ya pampu. Mwenye jenereta huogopa giza. Tena bei za mafuta nchini hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na inapovuma kwamba zitapanda, kila mtu hutafuta mahali pa kuweka akiba. Wakati wa uhaba wa Aprili 2022 foleni za magari na mitungi zilionekana katika vituo vya mafuta kote nchini, na Septemba 2023 lita moja ya petroli ilipita Sh200 kwa mara ya kwanza. Katika hali kama hiyo, tangi tupu la lita 1,000 lililo nyuma ya nyumba huonekana kama jibu.

Makala haya yanaeleza kwa nini tangi hilo si jibu, sheria za Kenya zinataka nini, nchi nyingine zimeweka mipaka gani, na mwenye haja ya kweli ya akiba ya mafuta afanyeje.

HOJA YA UZITO

Anayeonywa huwa na utetezi mmoja. Husema: tangi hili limebeba lita elfu moja za maji kwa miaka mingi; maji ni mazito kuliko mafuta; vipi basi lishindwe na dizeli?

Hesabu yake ni sahihi. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Kiasi hicho hicho cha dizeli kina takriban kilo 840, na cha petroli takriban kilo 740. Lakini uzito siyo hatari yenyewe. Hatari ni nne, na hakuna hata moja inayopimwa kwa mizani.

Ya kwanza ni kupenya. Matangi mengi ya maji hutengenezwa kwa polithini. Plastiki hii haidhuriwi na maji, lakini mafuta huingia ndani yake taratibu, huifanya ivimbe na kulegea, na harufu inayosikika karibu na mtungi uliofungwa barabara ni ushahidi kwamba baadhi ya mvuke umepita. Mipira inayoziba viungo vya bomba na bilula za maji huharibika mapema zaidi, na hapo ndipo tangi huanza kudondosha. Jua la Ukambani nalo hukausha na kukwaruza plastiki isiyo na kinga, hasa ile nyeupe.

Ya pili ni umeme tuli, yaani umeme unaojikusanya juu ya kitu badala ya kutiririka. Mafuta yanapopita katika bomba na kumwagika ndani ya chombo, msuguano huzalisha umeme huo. Chombo cha chuma kilichounganishwa na ardhi huupitisha ukapotea. Plastiki haiupitishi, unabaki juu yake ukingoja kitu cha kuurukia. Cheche inayotosha kuwasha mvuke wa petroli ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuitoa kwa kidole chake bila kuihisi.

Ya tatu ni namna plastiki inavyojiendesha motoni. Polithini huyeyuka kwenye nyuzi takriban 130 za Selsiasi. Pipa la chuma likizungukwa na moto huweza kuvumilia kwa muda na kuwapa watu nafasi ya kukimbia. Tangi la plastiki hulainika, likatoboka na kumwaga kila kilichomo. Majaribio yaliyofanywa ng'ambo kwa matangi ya mraba ya lita 1,000, yale yaliyozungushiwa kizimba cha chuma, yameonyesha kwamba yanaweza kuachilia mafuta yote katika dakika chache. Moto wa takataka uliokuwa wa kuzimwa kwa ndoo ya mchanga hugeuka kuwa ziwa la moto.

Ya nne ni mvuke. Kifuniko cha tangi la maji hakikukusudiwa kuzuia mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo haupai ukatoweka. Hutambaa sakafuni, huingia mitaroni na kupita chini ya milango hadi ufike kwenye jiko la makaa au taa ya koroboi iliyo mbali na tangi. Mvuke ukifika asilimia moja na nusu tu ya hewa ya chumba, unaweza kushika moto. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote, inatosha kuifanya hewa ya chumba kidogo cha kulala iwe tayari kulipuka.

MAFUTA HAYALINGANI

Kosa jingine la kawaida ni kuyahesabu mafuta yote kuwa kitu kimoja. Wataalamu huyagawa kwa kiwango cha joto ambapo mvuke wake huanza kushika moto ukiguswa na cheche.

Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Maana yake ni kwamba hapa kwetu hakuna saa, ya usiku wala ya mchana, ambayo petroli iliyo wazi haiko tayari kuwaka. Tina ya kuchanganyia rangi na spiriti ziko karibu na kundi hilo. Vitakasa mikono vyenye alkoholi, ambavyo shule na maduka vilijaziwa mitungi mitungi wakati wa janga la Covid-19 mwaka wa 2020, navyo hushika moto katika joto la kawaida la chumba.

Mafuta taa huanza kutoa mvuke wa kuwaka karibu nyuzi 38, na dizeli zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo dizeli iliyo kivulini ina hatari ndogo kuliko petroli, na ndiyo sababu kanuni za nchi nyingi huiruhusu kuwekwa katika matangi maalumu ya plastiki. Hata hivyo, tangi jeusi lililoachwa juani huweza kuyafikisha mafuta taa kwenye kiwango hicho bila mtu kujua.

Mpango huu wote huvurugika mafuta yanapochanganywa. Petroli kidogo ikiingia katika mafuta taa au dizeli, mchanganyiko huanza kuwaka kama petroli. Mama anayejaza stovu kwa mafuta aliyouziwa kwa jina la mafuta taa hana njia ya kujua. Uchanganyaji wa mafuta umekuwa tatizo la kitaifa, hata serikali ikaanzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo Septemba 2018 ili kuwaondolea wafanyabiashara tamaa ya kuyatia katika dizeli. Mafuta yanayonyonywa kutoka kwenye malori barabarani na kuuzwa kwa mitungi ndiyo yasiyo na uhakika kabisa, kwani mtungi uliobeba petroli jana hujazwa dizeli leo.

SHERIA ZA KENYA

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ndiyo inayotawala biashara hii. Inamtaka kila anayeagiza, kuhifadhi, kusafirisha au kuuza mafuta ya petroli kama biashara awe na leseni kutoka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA), iliyochukua mahali pa Tume ya Kudhibiti Kawi (ERC) mwaka huo. Neno 'petroli' katika sheria hujumuisha dizeli na mafuta taa. Aliye na tangi nyuma ya kibanda chake na kuwauzia waendeshaji bodaboda kwa chupa, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, anavunja sheria hii iwapo hana leseni. Kituo cha mafuta hakijengwi pia kabla ya athari zake kwa mazingira kutathminiwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA.

Mahali pa kazi pana sheria yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwenye karakana, kiwanda, shamba au ofisi kuwalinda wafanyakazi na watu wengine dhidi ya vitu vinavyoshika moto. Vyombo vya kemikali sharti viandikwe kilichomo na hatari yake, na maelezo ya usalama yawepo mahali ambapo mfanyakazi anaweza kuyasoma. Sheria hiyo pia inakataza kuchomelea au kukata kwa moto tangi au chombo chochote kilichowahi kubeba kitu cha kuwaka, hadi hatua zote ziwe zimechukuliwa kuondoa mabaki na mvuke wake. Kifungu hiki kingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila karakana ya jua kali, kwa maana pipa 'tupu' lina mvuke mwingi, na mara nyingi ni hatari kuliko lililojaa.

Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto, zilizochapishwa mwaka huo huo wa 2007, zinaongeza wajibu mwingine: vitu vinavyowaka vitengwe na shughuli nyingine, vyanzo vya moto viwekwe mbali, wafanyakazi wafanye zoezi la kuondoka wakati wa moto angalau mara moja kwa mwaka, na mahali pa kazi pakaguliwe usalama wa moto kila baada ya miezi 12.

Huduma ya zimamoto yenyewe, chini ya Katiba ya 2010, ni jukumu la serikali za kaunti. Lakini mji ulio barabarani, mbali na makao makuu ya kaunti, haupaswi kupanga usalama wake kwa kutumaini gari jekundu. Katika moto wa mafuta dakika tano za kwanza ndizo huamua, na katika dakika hizo wazimamoto ni majirani.

MIPAKA YA NCHI NYINGINE

Viwango vya nje havifungi mtu nchini Kenya, lakini vinaonyesha pale ambapo uzoefu wa ajali nyingi umewafikisha wengine.

Nchini Uingereza kanuni za mwaka 2014 zinamruhusu mtu kuweka nyumbani lita 30 za petroli bila kuwaarifu wakuu. Petroli hiyo iwe katika vyombo vilivyoidhinishwa, na chombo cha plastiki kisizidi lita 10, ilhali cha chuma kinaweza kufika lita 20. Tofauti hiyo ya kumi na ishirini inaeleza yote: plastiki inakubaliwa kwa petroli, ila katika kiasi ambacho kikimwagika mtu anaweza kukidhibiti.

Nchini Marekani kiwango kinachotumika sana kuhusu vitu hivi, kijulikanacho kama NFPA 30, hakiruhusu kabisa matangi ya mraba ya plastiki ya lita 1,000 kuhifadhi petroli ndani ya majengo, hata yakiwa na kizimba cha chuma. Kwa dizeli na mafuta mazito zaidi yanaruhusiwa kwa masharti.

Barani Ulaya familia nyingi huhifadhi mafuta ya kupashia nyumba joto katika matangi ya plastiki. Matangi hayo hutengenezwa kwa kazi hiyo tu. Sheria ya Uingereza ya 2001 kuhusu hifadhi ya mafuta ilitaka tangi la zaidi ya lita 200 lizungukwe na kizuizi kinachoweza kushika asilimia 110 ya kilichomo. Kwa hiyo si kweli kwamba plastiki imepigwa marufuku duniani. Kilichokatazwa ni plastiki yoyote kwa mafuta yoyote.

JINSI YA KULISOMA TANGI

Matangi ya mraba ya lita 1,000 yanayouzwa kama mitumba yameenea sana. Mengi yalikuja nchini yakiwa na kemikali za viwandani. Kabla ya kulinunua moja kwa matumizi yoyote, tafuta kibao kilichobandikwa kwenye kizimba chake.

Tangi lililoidhinishwa kubeba vitu vya hatari huwa na alama ya herufi 'u' na 'n' ndani ya duara, ikifuatwa na tarakimu na herufi. Herufi X, Y au Z hueleza kiwango cha hatari: X inaruhusu vitu vyote hata vile vya hatari kubwa kabisa, Y vya hatari ya wastani na ndogo, na Z vya hatari ndogo pekee. Petroli iko katika kundi la wastani, hivyo tangi lenye Z haliifai hata kwa safari. Hufuata mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa vitu vya hatari, plastiki ya tangi kama hilo haitumiki kwa bidhaa hizo baada ya miaka mitano, na tangi zima hukaguliwa kila baada ya miaka miwili na nusu. Kwa vitu vinavyoshika moto upesi, lazima liwe na kinga dhidi ya umeme tuli.

Mambo mawili yanastahili kukumbukwa. Kwanza, alama hiyo ni ya kusafirishia. Haimaanishi kwamba tangi linafaa kuwa hifadhi ya kudumu. Pili, tangi la maji la kawaida halina alama hiyo kabisa, na ukosefu wake ni jibu tosha.

Kinyume chake pia ni kweli. Tangi au mtungi uliobeba mafuta au kemikali usirudishwe kwenye maji ya kunywa, hata ukioshwa kwa sabuni mara saba. Kilichopenya ndani ya plastiki hutoka kidogo kidogo, na wanaoathirika kwanza ni watoto.

ANAYEHITAJI AKIBA AFANYEJE?

Petroli: usihifadhi katika tangi la plastiki kwa kiasi chochote. Anayeihitaji kwa pampu au mashine ya kukatia nyasi anunue ya siku chache, katika mtungi uliotengenezewa mafuta wenye kifuniko cha kukaza, na auweke katika kibanda chenye hewa kilichojitenga na nyumba. Usiujaze hadi mdomoni, kwani mafuta hutanuka kwa joto.

Dizeli: kwa kiasi kikubwa, tangi la chuma lililounganishwa na ardhi ndilo bora. Tangi la plastiki litumike tu ikiwa mtengenezaji ameandika kwamba ni la dizeli, na anayehifadhi kwa biashara apate leseni kwanza. Liwekwe kivulini, juu ya msingi imara, mbali na jiko, jenereta, nyaya za umeme na mpaka wa jirani.

Kizuizi: jenga ukuta mfupi wa saruji kulizunguka. Hesabu yake ni rahisi. Tangi la lita 1,000 linahitaji kizuizi cha kushika lita 1,100. Sakafu ya mita mbili kwa mbili yenye ukuta wa sentimita 30 hushika lita 1,200, nayo inatosha. Usiache tundu la kutolea maji ya mvua likiwa wazi. Maji yachotwe kwa mkono. Anayedhani tahadhari hii ni ya matajiri akumbuke kilichotokea Thange, eneo la Kibwezi katika kaunti hii hii ya Makueni, mwaka wa 2015, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalipoingia mtoni na kuwaacha wakazi bila maji salama kwa muda mrefu. Tangi la boma haliwezi kuvuja kiasi kile, lakini linaweza kukiharibu kisima kilicho karibu nalo.

Kujaza: weka mtungi chini ardhini, kamwe si juu ya kiti cha pikipiki wala sakafu ya plastiki ya gari. Zima injini na simu iwekwe kando ili akili iwe kwenye kazi moja. Mimina polepole, bomba likigusa mdomo wa chombo. Tangi lililobeba petroli lisijazwe dizeli kabla ya kusafishwa na fundi anayejua kazi hiyo, kwa sababu dizeli huzalisha umeme tuli inapoingia na mvuke wa petroli uliobaki ndani hungoja cheche.

Kunyonya kwa mdomo: tumia pampu ya mkono. Anayenyonya mafuta kwa mpira na kinywa huweza kuyavuta hadi mapafuni, na mafuta kidogo tu mapafuni yanaweza kuua. Vivyo hivyo usiweke mafuta taa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa asitapishwe. Apelekwe hospitalini mara moja.

MOTO UKIZUKA

Maji hayazimi petroli. Petroli huelea juu yake na kwenda nayo, hivyo anayemwaga ndoo ya maji huusambaza moto kwa jirani. Moto mdogo huzimwa kwa mchanga mkavu, blanketi zito lililoloweshwa, au kizimamoto cha unga au povu. Moto ukishafika kwenye tangi la plastiki, kazi ya kuuzima imekwisha. Kazi iliyobaki ni kuwaondoa watu, upande unakotoka upepo na mahali pa juu kuliko tangi, kwa maana mafuta na mvuke wake hufuata mteremko. Piga 999 au 112.

Aliyeshika moto asikimbie. Alale chini na kubingirika, au afunikwe blanketi. Jeraha lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Lisipakwe dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia. Vyote hivyo huzuia joto kutoka na huwapa madaktari kazi zaidi.

Na lori la mafuta likianguka barabarani, mtungi ubaki nyumbani. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan, karibu na Molo, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na umati kukusanyika kuchota. Tarehe 12 Septemba 2011 katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilipita mtaroni hadi kwenye nyumba za watu, na wengine zaidi ya 100 wakaangamia. Tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu, Morogoro, ndugu zetu wa Tanzania zaidi ya 100 walikumbwa na mauti ya namna ile ile. Katika visa vyote vitatu watu walikuwa na vyombo mikononi, vingi vikiwa vya plastiki, vya maji, vilivyotoka jikoni mwao wenyewe.

Yafaa wazee wa mitaa, wenye maduka na walimu wa Salama na miji mingine ya barabara hii wapite nyuma ya nyumba wakaangalie kilichomo katika matangi yao. La maji libaki la maji. La dizeli liandikwe hivyo kwa herufi kubwa, lijengewe ukuta na kupewa kivuli. Na lenye petroli limwaguliwe na mtu anayeijua kazi hiyo, mchana, nje, mbali na moto, kabla ya jua la kesho kulipiga tena.